Naombeni maneno ya Kifaransa ya kuulizia bima ya kamera, navuka kwenda Kalemie

Mpigapicha_Mwanga: Habari zenu wakuu. Napiga picha za harusi hapa Kigoma mjini, sasa nimepata kazi Kalemie, navuka na boti nikiwa na kamera, lenzi, taa na laptop, vingine bado nadaiwa. Najua Kalemie Kiswahili kinaongewa vizuri tu, lakini nasikia ukiingia ofisini makaratasi yote ni Kifaransa na mimi Kifaransa changu kinaishia bonjour. Nataka niweze kuuliza mzigo una bima au hauna, ukiibiwa au ukilowa nani analipa, na hotelini hivohivo. Anayejua aniandikie na matamshi tafadhali.

BintiUjiji: Mdogo wangu kabla ya Kifaransa anza na Kiswahili hapahapa. Kama una bima ya vifaa nenda kamuulize wakala wako inafika Kongo au inaishia mpakani, na ile safari ya ziwani imo au haimo, maana bima nyingi zimeandikwa nchi zinakofanya kazi na watu hawasomi. Akikwambia imo mwambie akuonyeshe pameandikwa wapi. Piga picha risiti zote na serial namba, halafu pitia forodha bandarini uandikishe kamera kabla hujatoka, usije ukarudi nazo ukaambiwa ulipie ushuru.

Mzee_wa_Meli: Kijana wangu, nimefanya kazi na mizigo ya ng'ambo miaka mingi, shika haya. Ile zh itamke kama j laini, ulimi usigonge juu.

Je vifaa vyangu vina bima? *Est-ce que mes appareils sont assurés ?* (es ke me zaparey son tasyure)

Bima inalipa wizi na kuvunjika? *L'assurance couvre le vol et la casse ?* (lasyurans kuvr le vol e la kas)

Na kikitumbukia majini? *Et si ça tombe à l'eau ?* (e si sa tomb a lo). Hili usiliache, kuna bima inalipa wizi lakini maji hailipi.

Nataka kutaja thamani ya mzigo. *Je veux déclarer la valeur.* (zhe ve deklare la valer). Usipotaja thamani, siku ya hasara unaweza kulipwa kwa kilo kama gunia la dagaa.

Kiwango cha juu wanacholipa kwa kila kitu ni kiasi gani? *Quel est le plafond par objet ?* (kel e le plafon par obzhe)

La mwisho: *Écrivez-le sur le reçu, avec le cachet, s'il vous plaît.* (ekrive le syur le resyu, avek le kashe, sil vu ple). Yaani aandike kwenye risiti na muhuri apige. Akikataa kuandika basi chukulia bima hakuna, kamera ibebe mwenyewe.

Mpigapicha_Mwanga: Shikamoo mzee, asante sana. Nimeona mahali wameandika *franchise*, hiyo nini?

Mzee_wa_Meli: Marahaba. Hiyo ni sehemu ya hasara unayobeba wewe kabla wao hawajalipa. Hasara dola 1,000, franchise 200, unapata 800. Uliza *La franchise est de combien ?* (la franshiz e de kombyen)

Kasulu_Mpakani: Na namba jamani! Wakongo na Warundi wamefata Kifaransa cha Ubelgiji, 70 wanasema *septante* na 90 *nonante*, programu nyingi za simu zinafundisha za Ufaransa, soixante-dix na quatre-vingt-dix, utasikia bei usielewe. Uliza pia wanalipa dola au faranga: *en dollars ou en francs ?* Na jina la SONAS utalisikia sana, ndo shirika la bima la serikali ya Kongo, lilikuwa peke yake mpaka sheria ya 2015 ikafungulia kampuni nyingine, kwahiyo uliza bima ni ya kampuni gani.

dogo_wa_gungu: si atumie tu simu itafsiri

BintiUjiji: Bando lake la huku likikata kule je? Aandike kwenye karatasi aweke mfukoni. Hotelini uliza *Vous avez un coffre-fort ?* (vuzave an kofrefor), ni sanduku la chuma la kufungia vitu vya thamani, na ukikabidhi dai risiti yenye orodha, kamera ngapi lenzi ngapi, siyo "begi moja".

Mpigapicha_Mwanga: Nimenakili yote dada. Kesho asubuhi naanza kwa wakala.