FSU walishinda mechi 13 kati ya 13, wakaachwa nje ya mchujo wa ubingwa wa vyuo Marekani kwa sababu ya mguu wa kwotabeki wao, Jordan Travis. Huu ni uonevu!

Wakuu, najua uzi wa futiboli ya Marekani humu huwa hauna wachangiaji wengi, lakini jambo hili limenikaa kooni tangu Desemba 2023. Travis alipotangaza kustaafu Aprili 2025 ndiyo likanichoma zaidi. Leo naliweka hapa lote.

Kwa wasiofuatilia: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, na ndiye anayeamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Jordan Travis alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, FSU, kule Tallahassee. Alianzia Chuo Kikuu cha Louisville mwaka 2018, akahama akarudi Florida, jimbo alilozaliwa. Msimu wake wa kwanza FSU walimtumia zaidi kama mkimbiaji tu, na maneno yalikuwa mengi kwamba huyu mtoto kurusha hawezi. Alikaa pale timu ikiwa hoi bin taabani. Mwaka 2020 walishinda mechi 3 tu. Mwaka 2021 walianza kwa kupigwa mechi 4 mfululizo, mojawapo na Jacksonville State, timu ya daraja la chini, wakamaliza na ushindi 5 na vipigo 7. Wengine wangehama tena. Yeye akabaki, akajifunza kurusha mbele ya macho ya waliomkejeli, na mwaka 2022 FSU wakashinda mechi 10.

Halafu ukaja 2023. Tarehe 3 Septemba, Orlando, waliwafunga LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, 45-24. Wakumbusheni wanaojisahaulisha: kwotabeki wa LSU siku ile alikuwa Jayden Daniels, ambaye mwisho wa msimu ndiye aliyechukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Travis alirusha yadi 342 na pasi 4 za tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani kwa pointi 6. Wiki chache baadaye wakaenda kwa Clemson, uwanja ambao wageni huwa wanatoka vichwa chini, wakashinda 31-24 katika muda wa nyongeza. Msimu mzima Travis alirusha tachidauni 20, pasi zake zilizonaswa na wapinzani ni 2 tu. Mbili!

Tarehe 18 Novemba walicheza na North Alabama nyumbani. Mechi ya kukamilisha ratiba. Robo ya kwanza Travis akatoka mbio na mpira, beki akamdaka kwa nyuma na kumvuta chini, mguu wa kushoto ukabaki umekunjwa chini ya mwili. Aliyeona marudio ya video anajua kifundo kile kilikaa vipi, mimi sikuangalia mara ya pili. Wachezaji wenzake wote wakaingia uwanjani kumzunguka. Akatolewa kwa kigari. Hakucheza tena futiboli ya chuo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kesi yangu. Usiku uleule FSU walikuwa nyuma 13-0. Bila Travis wakafunga pointi 58 mfululizo, mechi ikaisha 58-13. Wiki iliyofuata wakaenda Gainesville kwa mahasimu wao Chuo Kikuu cha Florida na kwotabeki wa akiba, Tate Rodemaker, wakashinda 24-15. Rodemaker naye akaumia kichwa. Fainali ya ACC, ligi wanayocheza FSU, tarehe 2 Desemba wakamwanzisha Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, dhidi ya Louisville. Wakashinda 16-6. Safu ya ulinzi ilicheza kama simba siku ile, Louisville hawakupata hata tachidauni moja. Mechi 13, ushindi 13, ubingwa wa ligi mkononi.

Kesho yake kamati ya uteuzi ikatangaza timu 4 za mchujo wa ubingwa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. FSU nafasi ya 5. Haijawahi kutokea tangu mchujo ule uanze mwaka 2014 bingwa wa mojawapo ya ligi kubwa tano, ambaye hajafungwa hata mechi moja, akaachwa nje. Sababu? Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, akatoka hadharani kueleza kwamba bila Travis, FSU ni timu nyingine.

Yaani mguu wa kijana uligeuzwa ushahidi dhidi ya wenzake! Ni sawa na timu imalize ligi kuu bila kufungwa, halafu kombe apewe mwingine kwa sababu nahodha wenu yuko hospitali.

Na Alabama walioingizwa? Walifungwa na Texas 34-24 nyumbani kwao Tuscaloosa. Wiki moja tu kabla ya mchujo kutangazwa waliponea chupuchupu kwa Auburn, jaribio la mwisho likihitaji yadi 31, zimebaki sekunde chache. Ndiyo, waliwafunga Georgia kwenye fainali ya ligi yao, sikatai, walistahili pongezi. Lakini timu iliyofungwa ni timu iliyofungwa.

Msiniambie ndivyo sheria zilivyo. Najua kanuni za kamati zinaruhusu kuangalia kukosekana kwa wachezaji muhimu. Mbona mwaka 2014 Ohio State walipompoteza J.T. Barrett kwa kifundo cha mguu, wakiwa tayari wamempoteza Braxton Miller kabla ya msimu, kamati iliwapa nafasi ya 4 wakiwa na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones? Tena Ohio State wale walikuwa wameshafungwa mechi moja. Wakaenda wakawapiga Alabama 42-35, wakawapiga Oregon 42-20, wakabeba ubingwa. Mtaniambia Jones aliwapiga Wisconsin 59-0 kwenye fainali ya ligi na Glenn kashinda 16-6. Kwa hiyo tunahesabu ushindi au tunahesabu urembo?

Kuna wanaoleta ile 63-3 waliyopigwa FSU na Georgia kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu waliyopewa badala ya mchujo. Acheni hizo. Zaidi ya wachezaji 20 wa FSU hawakucheza, wengine walishahama, wengine walikuwa wanajiandaa na drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa. Mechi waliyoiona haina maana kwa sababu kilichokuwa na maana walishanyang'anywa.

Kinachoniuma kuliko vyote ni alichoandika Travis mwenyewe siku ile. Alisema anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimuni, ili watu waone timu ile ni zaidi ya kwotabeki. Hebu someni tena. Mchezaji bora wa ACC wa mwaka, aliyemaliza wa 5 kwenye kura za Heisman, akiuguza mguu uliofanyiwa upasuaji, anajilaumu kwa tarehe ya kuvunjika kwake. Watu wazima wenye vyeo ndio waliomfikisha hapo.

New York Jets walimchukua raundi ya 5 ya drafti ya 2024. Kifundo kikagoma kupona. Hakucheza mechi hata moja ya NFL, madaktari wakamshauri aache. Mchujo ukapanuliwa hadi timu 12 kuanzia msimu wa 2024. Kwake yeye imesaidia nini?

Ninachotaka ni kile kipengele cha wachezaji waliokosekana kifutwe. Timu ihukumiwe kwa mechi ilizocheza, si kwa mechi ambazo watu fulani chumbani wanadhani itafungwa.

Anayeitetea kamati aje. Lakini kabla hujaandika, nitajie mechi moja ambayo FSU walifungwa kabla ya tarehe 3 Desemba 2023.