Kwa nini Yusuf anawakimbilia wale askari?

Binti wa Langoni
Assalam alaykum jamani. Naomba mawazo yenu kabla ya Ijumaa. Kikundi chetu cha kusoma hapa Lamu kinamalizia *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, nasi tunaisoma kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Tunakaa uani kwa mmoja wetu baada ya isha, wanawake peke yetu. Mkubwa wetu ni bibi ambaye macho yamemtupa mkono, kwa hiyo husomewa, na kwa kusikiliza hakuna anayemfikia.

Kurasa za mwisho ndizo zilizotugombanisha. Pwani iko chini ya Mjerumani, vita vya kwanza vya dunia viko mlangoni, na msafara wa askari unapita ukikamata wanaume. Yusuf, kijana tunayemfuata kitabu kizima, na Khalil, mwenzake wa dukani, wanajifungia ndani, wanachungulia. Hatari inapita. Halafu Yusuf, bila kushikwa na mtu, anatoka mbio kuwafuata! Nusu ya kikao waligeuka mbogo. Mmoja alikifunga kitabu, akakiweka kando ya sinia la kahawa, akasema hakigusi tena. Wanalia na ule mji wa tajiri Aziz anakoishi Yusuf: bustani ya ukuta na maji yake, duka, misafara ya bara, kisha mtoto anaviacha vyote akafe kwa ajili ya Mjerumani.

Mimi sikubali kwamba palikuwa pazuri. Nikisema hivyo naambiwa nawavunjia mababu heshima. Bibi hakusema kitu, aliomba tu ukurasa ule usomwe tena. Nyinyi mngewajibu vipi?

Mwalimu Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Waulize kwanza Yusuf ni nani pale dukani. Alichukuliwa kwao na miaka 12 kwa sababu ya deni la babake. Huyo "Ami" Aziz si ami yake; Khalil humkaripia kila akimwita hivyo, ati amwite Seyyid, yaani bwana. Khalil naye ni rehani. Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, ameishia kuwa mke wa huyo huyo Aziz anayewadai. Wenzako wameisifu bustani wakamsahau anayeitunza. Mzee Hamdani, mtumwa mtunza bustani, alipopewa uhuru na Bibi, mke mkubwa wa Aziz, aliukataa, akataka kujua nani kamwambia bibi huyo kwamba uhuru ni mali yake ya kugawa. Msome hapo polepole, usipapite.

Kisha warudishe kwenye sauti. Kabla ya kukimbia, Yusuf anasikia kama milango ya bustani inakomewa nyuma yake. Pwani yetu hii utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na vitukuu vya pande zote mbili tunazikana na kuozana. Hasira za hao wenzako nazielewa, wala usizibeze.

Mwana wa Malindi
Shikamoo Mwalimu. Dada, mimi niko na aliyekifunga kitabu, ila kwa sababu nyingine. Mnaongea kana kwamba njia zilikuwa mbili tu, Seyyid au askari. Huku kwetu, 1913, mama mmoja, Mekatilili wa Menza, alipita vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akiwaambia Wagiriama wasitoe vijana wao kumfanyia kazi Mwingereza. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka. Agosti 1914, mwezi ule ule vita vilipoanza, Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa na Waingereza kwa baruti. Na waliochukuliwa na Mwingereza kubeba mizigo ya vita? Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Yusuf ameona kwa macho yake mbwa wakila kinyesi walichoacha wale askari, na bado anawafuata. Mimi hilo halinipiti kooni.

Binti wa Langoni
Ahsanteni sana. Mwana wa Malindi, umenifungua macho bila kukusudia. Mekatilili alikuwa na kaya. Aliposema "msiwatoe vijana", palikuwa na mama wa kumsikia na vijana wa kuzuiwa. Yusuf nani angemzuia? Babake amekufa, mamake hayupo tena pale alipomwacha, na habari zote mbili amezipata kinywani mwa Seyyid. Khalil anampenda lakini amejifunga mwenyewe, kwa ajili ya Amina hatoki. Mji mzima hauna hata mtu mmoja wa kumwambia "usiende" asiye na faida katika kubaki kwake.

Kwangu hapo ndipo riwaya inapouma, kuliko hata Wajerumani. Vita vilimkuta ameshatolewa.

Ijumaa sitaanza na askari. Tutamsoma Mzee Hamdani, kisha Amina akimsimulia Yusuf maisha yake, ndipo twende mwisho. Na la Mekatilili nitalitoa kama lilivyo, maana najua kuna atakayelishika na kunibana nalo. Mwalimu, sehemu ya Amina ungeichagulia ukurasa gani? Ni ndefu, na kahawa ikishaisha watu huanza kutafuta viatu.