Maradhi ya nyongo ya Salma yamerudi

Shangazi Zuhura: Wanangu, nimemwona Salma leo na macho yake yamekuwa ya manjano kama miaka minne iliyopita. Ikiwa nyongo imekwama, kwa nini madaktari wasimpasue wakaizibua?

Idrisa: Shikamoo Shangazi. Hakuna jiwe la kuondolewa, kwani picha zimeonyesha kuwa njia za nyongo ziko wazi. Kasoro imo ndani ya chembe za ini zenyewe: jeni iliyorithiwa kwa baba na mama, ambayo kwa wagonjwa wengine ni ATP8B1 na kwa wengine ABCB11, huzifanya zishindwe kwa vipindi kuisukuma nyongo, na chumvi zake zikajaa katika damu. Maradhi haya, ambayo kwa Kiingereza huitwa benign recurrent intrahepatic cholestasis (BRIC), yalielezwa na madaktari mwaka 1959, na namshukuru Mungu kwamba kwa kawaida kipindi kikipita ini hurudia hali yake bila kovu.

Mama Mdogo: Mimi nimeshtushwa na rifampisini aliyoandikiwa Salma. Si dawa ya kifua kikuu hiyo?

Salma: Ndiyo, Mama Mdogo, lakini mimi nimeandikiwa kwa sababu ya kuwashwa. Inaweza pia kulidhuru ini, ndiyo maana napimwa damu mara kwa mara. Tafadhali msilione jambo hili kuwa dogo: ngozi yangu haina upele hata mmoja, lakini usiku najikuna hadi natoka damu, na wiki mbili sasa sijapata usingizi wa maana.

Mama Mdogo: Pole sana, mwanangu. Na ule unga wa kukoroga katika maji?

Salma: Ni kolestiramini, ambayo huzinasa chumvi za nyongo tumboni zikatoka na choo. Hunasa na dawa nyingine pia, kwa hiyo vidonge vyangu navimeza saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye. Vitamini K nimechomwa sindano, kwa kuwa nyongo ikipungua utumboni mwili hauipati ya kutosha na damu huchelewa kuganda.

Shangazi Zuhura: Na zisipomsaidia?

Idrisa: Upo mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi kwenye njia ya nyongo, ukaitoa nje. Kwa baadhi ya wagonjwa umekatiza kipindi ndani ya siku chache. Naomba tuulizie sasa ni hospitali gani inayoweza kuuweka, kuliko kungoja adhoofike.

Shangazi Zuhura: Ulizia kesho asubuhi. Mimi nitalala kwake leo. Salma, niandikie saa za unga na saa za vidonge nisije nikakuchanganyia.