Naomba ushauri: kadi ya Costco inalipa kwa familia ya watu wanne?

Wakuu habari zenu. Tuko Columbus, Ohio, mimi, mama watoto na wadogo wawili. Nataka kukata kadi ya Costco (duka la jumla la wanachama) kwa vitu vya msingi tu: mchele, unga wa chapati, mafuta, sukari, mayai. Uanachama wa kawaida ni dola 65 kwa mwaka, yaani nikiokoa kama dola 5.50 kwa mwezi hela imerudi. Kwa mchele peke yake naona inawezekana, maana kwetu wali haukosekani. Ile ya Executive ni dola 130 na inarudisha asilimia 2, ila kufidia hiyo 65 ya ziada lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka. Hatufiki huko.

Wasiwasi wangu ni apatimenti, haina stoo. Halafu ukifuata mayai unatoka na televisheni (mama watoto namjua). Sam's Club, duka lingine la aina hiyo, ipo lakini iko mbali na sisi.

Wenye familia ndogo, mnaokoa kweli? Vitu gani mnanunua humo, na vipi bora kubaki navyo kwenye maduka ya Waafrika na Wahindi?