Majaruba ya Bali: mkulima azuiwe kujenga shambani kwake ili utamaduni ubaki?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta jambo lililonikaa rohoni tangu Desemba 2025. Kule Jatiluwih, wilaya ya Tabanan kisiwani Bali, Indonesia, maafisa wa serikali walifika na kufunga majengo 13, yakiwemo ya migahawa, kwa sababu yamejengwa ndani ya eneo la mashamba ya mpunga linalolindwa. Siku chache baadaye wakulima wakabeba mabati wakayasimamisha katikati ya majaruba yao wenyewe. Jua likipiga, bati linammulika machoni mgeni aliyetoka mbali kuja kupiga picha ya kijani kibichi. Waliharibu mandhari yao kwa mikono yao, wapate kusikilizwa.

Naomba tujadili: serikali ina haki gani ya kumwambia mtu abaki na shamba lake kama babu yake alivyoliacha?

Kwa asiyeijua Bali, mashamba yale yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko ya milima, maji yanashuka kutoka jaruba la juu hadi la chini kabisa. Wanaotumia chanzo kimoja huungana katika ushirika uitwao subak. UNESCO inataja ushirika kama 1,200 kisiwani, kila mmoja una wakulima kati ya 50 na 400, na asili yake inarudi nyuma hadi karne ya 9. Mwaka 2012 hekta 19,500 za mashamba hayo na mahekalu yake ya maji, ambako wakulima huabudu na kupangiwa zamu za kupanda, ziliingizwa kwenye urithi wa dunia. Jatiluwih ni sehemu yake.

Ukisikia subak usifikirie mfereji peke yake. Mfereji upo, lakini unaendeshwa na kikao. Mkuu wa kikao, pekaseh, huchaguliwa na wakulima, na wana kanuni zao wanazoziita awig-awig. Kugawa maji wanalaza gogo kukatiza mfereji. Juu ya gogo wamechonga mapengo, yote kina kimoja, upana mbalimbali: mwenye eneo kubwa pengo pana, mwenye eneo dogo pengo jembamba. Maji yanajigawa usiku na mchana bila mlinzi, na aliyeongeza pengo lake kwa panga anaonekana na kila apitaye. Mimi nimelima mpunga kwenye skimu moja Mbeya. Najua jaruba la mwisho linavyopasuka nyufa wakati la kwanza linafurika, na najua ngumi zinazorushwa mfereji ukizibwa usiku. Nilipoelewa lile gogo linavyofanya kazi, nilitamani wazee wetu wangeliona.

Sasa sikilizeni yaliyotokea miaka ya 1970, maana ndiyo yanayonifanya nisiiamini serikali inapodai kuhifadhi kitu isichokielewa. Jakarta, yaani serikali kuu ya Indonesia, ilitaka nchi ijitosheleze kwa mchele. Wakulima wa Bali wakahimizwa kupanda mbegu mpya zinazokomaa haraka, kutumia mbolea na dawa za viwandani, na kupanda mara nyingi kadiri inavyowezekana bila kungoja zamu iliyopangwa na mahekalu ya maji. Kwa wataalamu wa wakati ule, zamu ile ilikuwa mambo ya dini tu. Mwanzoni mavuno yalipanda. Baadaye kila shamba likawa na mpunga wa umri wake, ukawa huoni tena wakati ambapo bonde zima limepumzika. Mdudu akimaliza kwa huyu anahamia kwa yule, panya vilevile, ugonjwa wa tungro vilevile, mwaka mzima.

Mwanaanthropolojia Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walikuja kulipima jambo hili kwa programu ya kompyuta. Wakaona kwamba zamu ya mahekalu inakaribia kabisa mpango bora ambao mtu angeweza kuubuni. Mkulima wa juu hana shida ya maji, ila anaogopa wadudu watakaopanda kutoka kwa jirani wa chini. Wa chini anaogopa kukosa maji. Wakikubaliana kupanda pamoja na kupumzisha pamoja, wa juu anaachia maji, na wadudu wa bonde zima wanakosa chakula kwa wakati mmoja. Halafu baada ya mavuno bata wanafunguliwa majarubani, wanaokota punje zilizoanguka na kula wadudu waliobaki.

Hilo ndilo la kuhifadhi, wakuu: makubaliano ya wa juu na wa chini. Lakini ukitazama matangazo ya utalii utaona ngazi za kijani na ukungu wa asubuhi. Mkulima ameambiwa ardhi yake ni ya dunia nzima, ila kodi ya ardhi analipa yeye. Msimamo wangu ni kwamba anayetaka mandhari ile ibaki aanze kwa kumlipa anayeilima, ndipo amzuie kujenga.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, ila kuna mahali umeteleza. Jengo likisimama juu ya jaruba, mfereji uliokuwa unapita pale unazibwa au unakunjwa, na aliye chini anakosa maji. Kwa hiyo mwenye mgahawa hajengi kwenye chake tu, anamdhulumu jirani. Indonesia ina sheria ya kulinda mashamba ya chakula tangu 2009, na haikutungwa kwa ajili ya wapiga picha. Leo unamruhusu mama mwenye meza nne za kahawa. Kesho anakuja mwenye fedha kutoka mjini na hoteli yenye bwawa la kuogelea, ananunua jaruba la pembeni. Utamkatalia kwa hoja ipi, wakati mwenzake ulimwachia?

Mchangiaji, Moshi

Nimesoma habari ya gogo nikakumbuka mfongo wa kwetu, yaani mfereji wa asili wa Wachagga. Siku ya kusafisha mfongo ilikuwa na mbiu yake, na usipofika unatozwa pombe. Mfongo wetu haukufungwa na serikali wala kuzibwa na hoteli. Waliokuwa wanajua mahali pa kuukinga maji huko juu walizeeka, sisi tukiwa tumeshuka mjini. Nendeni mkaulize kijana wa Jatiluwih kama anataka kuwa pekaseh. Jibu lake lina uzito kuliko amri ya kufunga mgahawa.

Mchangiaji, Kampala

Kama vijana wanataka kazi za hoteli, waacheni. Utamaduni unaobakizwa kwa nguvu ili wageni wautazame umeshakwisha. Ardhi ni yao, wakitaka wauze.

Mchangiaji, Unguja

Asalaam alaykum. Mie nakaa Mji Mkongwe, uliingia urithi wa dunia mwaka 2000, kwa hiyo haya naishi nayo. Mwenye nyumba akitaka kutengeneza ukuta anaambiwa atumie chokaa, asiguse mlango, boriti iwe ya mti ule ule. Sawa, twakubali, uzuri wa mji wetu twaujua. Lakini fundi wa chokaa ni ghali na boriti ni ghali, na fedha tutafute wenyewe. Matokeo yake mtu anaiacha nyumba ivuje mpaka ianguke, kwa sababu ikishaanguka hapana tena wa kumuuliza. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, wakafa watu wawili, na hilo ni jengo la serikali. Sasa mnyonge mwenye nyumba ya urithi wa dada na kaka saba afanye nini? Ndugu zangu wa Bali nawaelewa mabati yao.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Ndugu wa Arusha, kwenye mfereji umenishika, na naliondoa neno langu kwamba ni shamba lake tu. Lakini tazama, ubaya ulioutaja, wa kumkosesha jirani maji, ndio hasa uliozaa subak. Kikao kile kimeamua kesi za namna hiyo tangu kabla ya Jakarta kuwepo. Kingeweza kukaa na kusema: mgahawa huu uko kwenye ukingo, haudhuru mtu, ubaki, ule umekalia mfereji, uvunjwe, na huyu mnunuzi mgeni hatumpi maji. Hoja ya kumkatalia tajiri wa hoteli ipo tayari kwenye awig-awig. Afisa mwenye utepe wa kufungia milango hawezi kutofautisha hayo, yeye anapima kwa ramani.

Wa Kampala, sikubaliani nawe hata kidogo, na nakujibu kwa maji yale yale. Kwenye ngazi zile hakuna anayeuza jaruba lake peke yake. Akitoka mmoja katikati, pengo lake kwenye gogo linabaki bila mtu wa kulisafisha, siku ya kuzibua mfereji anakosekana mtu, na zamu ya kupumzisha shamba inavunjika. Wakitoka watano, waliobaki hawalimi tena kama walivyolima. Hao ambao hawakuuza chochote nao wamepoteza.

Dada wa Moshi, umegusa penye kidonda, sina la kubisha. Ardhi pale ni vipande vidogo, na kijana akienda hotelini au kwenye meli za watalii anapata mshahara kila mwezi. Ndiyo maana narudia suala la fedha. Tangu tarehe 14 Februari 2024 kila mgeni kutoka nje ya Indonesia anayeingia Bali anatozwa rupia 150,000, na sababu iliyotajwa ni kulinda utamaduni na mazingira. Sehemu ya tozo hiyo iende moja kwa moja kwenye akaunti ya kila subak, kwa hesabu ya majaruba yaliyopandwa msimu huo, na kikao kiamue kigawe vipi. Na kodi ya ardhi ifutwe kwa jaruba linalolimwa. Pale jirani akijenga nyumba ya wageni thamani ya ardhi inapanda, na kodi ya mwenye mpunga inapanda nayo, ilhali gunia lake la mpunga liko vilevile.

Sheikh wa Unguja, nakurudishia swali kwa sababu wewe uko ndani ya jambo hili. Ungelipwa nusu ya gharama ya chokaa na boriti, na wenye nyumba wa mtaa wako mkapewa kikao chenye nguvu ya kumkatalia mnunuzi, wangapi kati yenu wangeng'ang'ania nyumba zao?