Naomba ushauri: nimpe nani haki, yasmini au kitambaa?

Habari zenu wakuu. Najitolea kwenye nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho, na vitu viwili ninavyovipenda kuliko vyote pale vimeanza kugombana.

Cha kwanza ni kitambaa cha hariri kilichotariziwa kwa mkono, kinachotazamana na dirisha. Ukikigeuza, nyuzi za nyuma bado ni nyekundu kabisa; za mbele zimepauka mpaka zinakaribia kijivu. Cha pili ni yasmini iliyotambaa ukutani na kufunika nusu ya dirisha hilohilo. Ikichanua, wageni hawataki kuingia ndani.

Sasa fundi anataka ikatwe, maana inashikilia unyevu na plasta imeanza kumomonyoka. Namwelewa. Ila yasmini hiyo ndiyo pazia letu! Hariri hupendekezwa mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), na rangi ikishapauka hairudi.

Halafu kuna mwenzangu anayependa kupanga maua mabichi chumbani. Yanapendeza, sikatai, lakini kuna mbawakawa wadogo wanaokula chavua na kuingia ndani na maua, kisha mabuu yao hutafuna sufu na hariri. Nimwambieje bila kumuudhi?

Waliowahi kutunza nyumba za hivi: kuuegemeza mmea kwenye waya, mbali kidogo na ukuta, kunasaidia? Na kioo nikibandike karatasi ya kuchuja miale ya jua, au nihamishe kitambaa tu? Nasita, kwa sababu karatasi hiyo huzuia urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho), ila mwanga wa kawaida nao hupausha.

Kukata yote msinishauri, tafadhali.