Naomba ushauri: skii pana (mbao za kuteleza) za theluji laini, upana wa milimita 108 au 118?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Goma. Mwezi wa kwanza narudi Grenoble kwa dada yangu, na safari hii tunapanda La Grave, kule Ufaransa ambako gari la kebo linafika mita 3,200 na miteremko haishindiliwi kwa mashine. Nataka kununua skii zinazofaa.

Nilizo nazo zina upana wa milimita 88 chini ya kiatu. Penye theluji ngumu zinashika vizuri sana. Lakini mwaka jana theluji ilipofika magotini ncha zilizama, nikaegemea nyuma siku nzima hadi mapaja yakawaka moto. Ni kama chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo) yenye gurudumu jembamba kwenye majivu ya volkano: linachimba badala ya kupita juu.

Nina kilo 74, urefu sentimita 178. Dada anasisitiza 118, na ncha iliyopinda juu. Naogopa asubuhi theluji ikiwa imeganda, maana skii pana sana huchelewa kugeuka na magoti ndiyo yanayolipa. Je, 108 itanifanya nielee juu ya theluji vya kutosha? Na urefu wa skii, sentimita 180 au 186? (Vifungo vyangu vya zamani vya kushikia viatu najua breki zake hazitatosha upana wa skii hizi, nitanunua vingine.)

Kifaa cha kutafutana kwenye maporomoko ya theluji, koleo na fimbo ya kupimia ninavyo tayari.

Mwenye uzito kama wangu aliyetumia zote mbili, tafadhali anieleze, hasa kama alijuta.